MECHI YA NYOTA NA SWALI LA KOMBAINI

Makada wengi wakifika kwenye kipengele cha michezo katika taarifa zao za kazi huandika sentensi mbili: michezo ni afya, michezo ni umoja. Kisha wanageuza ukurasa. Siwalaumu sana, maana maandishi ya kulichambua jambo hili kisiasa ni machache. Lakini wakulima, wafanyakazi na vijana wasio na kazi hutoa moyo wao, muda wao na mara nyingi shilingi yao ya mwisho kwa ajili ya mpira, na jambo linalowashika watu wengi kiasi hicho haliwezi kuwa nje ya siasa. Hapana budi tulitazame kwa zana zile zile tunazotumia kutazama bei ya alizeti au umilikaji wa ardhi.

Katika makala haya nimechagua aina moja tu ya pambano. Ni lile ambalo wachezaji bora wa timu mbalimbali huokotwa, wakavalishwa jezi moja kwa siku moja au kwa mashindano mafupi, kisha wakarudi walikotoka. Marekani huliita mechi ya nyota. Sisi tangu zamani tumeliita kombaini. Mambo haya mawili yana umbo moja, lakini maudhui yake yalitofautiana tangu mwanzo, na leo yote mawili yako matatani. Huko Marekani mechi ya nyota inachezwa kila mwaka na haina tena maana kwa wanaoicheza. Hapa kwetu kombaini bado ina maana kubwa kwa kijana wa kijijini, lakini haichezwi kwa utaratibu wa kuaminika. Nani kati yetu aliye katika hali mbaya zaidi?

Asili ya jambo lenyewe

Mechi ya nyota ya besiboli ya Marekani ilichezwa mara ya kwanza Chicago Julai 1933. Mwaka huo ubepari wa dunia ulikuwa katika mdororo mkubwa. Viwanda vimefungwa, watu wamejipanga foleni za mkate. Mji wa Chicago ulikuwa na maonyesho makubwa, na mwandishi wa michezo wa gazeti la Chicago Tribune, Arch Ward, ndiye aliyelisukuma wazo hilo. Mapato ya mlangoni yalipelekwa kuwasaidia wachezaji wa zamani waliokuwa na shida. Tuliweke hili akilini. Mama wa mechi zote za nyota alizaliwa kwa sababu mbili zilizofungwa pamoja: kuuza magazeti na kuvutia watu kwenye maonyesho kwa upande mmoja, na kumsaidia mchezaji aliyezeeka na kutupwa kwa upande wa pili.

Lakini uwanjani siku ile hapakuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Walikuwa wamefungiwa nje ya ligi kubwa, na kufungiwa huko kuliendelea hadi Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947. Walifanya nini? Mwaka ule ule wa 1933, katika uwanja ule ule wa Comiskey Park, ligi za watu weusi zilianzisha mechi yao ya Mashariki na Magharibi. Wachezaji walichaguliwa kwa kura za wasomaji wa magazeti ya watu weusi. Mwaka 1943 mechi hiyo iliingiza watazamaji zaidi ya 51,000. Kwa watu wale pambano hilo lilikuwa mkutano mkuu wa taifa lisilokuwa na bunge. Watu walisafiri mamia ya maili kuja Chicago kuthibitisha mbele ya macho ya dunia kwamba uwezo upo na kinachokosekana ni haki. Hakuna aliyehitaji kuwabembeleza wacheze kwa nguvu.

Mfano wa pili ni wa mpira wa kikapu, na naupenda zaidi kwa sababu unahusu tabaka la wafanyakazi moja kwa moja. Tarehe 14 Januari 1964 mechi ya nyota ilikuwa ichezwe Boston na kuonyeshwa kwenye televisheni usiku, saa ambayo watu wengi wako nyumbani. Wachezaji walikuwa wameomba pensheni kwa muda mrefu, na wenye timu walikuwa wakiwazungusha. Usiku ule, wakiongozwa na Tommy Heinsohn aliyekuwa mwenyekiti wa chama chao, wachezaji walijifungia chumba cha kubadilishia nguo wakasema hawatoki. Humo ndani walikuwamo watu kama Bill Russell, Elgin Baylor na Jerry West. Mmiliki wa timu moja alituma ujumbe wa kuwatisha wachezaji wake; ujumbe huo ukawaimarisha waliokuwa wakisitasita. Kamishna Walter Kennedy aliona televisheni zinasubiri, akaahidi kwamba pensheni itapatikana. Ndipo wakatoka kucheza, mechi ikiwa imechelewa.

Ndugu msomaji, pambano lile liliwakusanya wachezaji bora wa timu zote, waliokuwa wametawanyika miji mbalimbali mwaka mzima, kila mmoja chini ya bwana wake. Walipokutanishwa ili wauzwe pamoja, walitambua kwamba wanaweza pia kugoma pamoja. Wenye mali walijenga jukwaa lao, wafanyakazi wakapanda juu yake. Anayetaka mfano wa ukinzani ulio ndani ya jambo moja asitafute mbali.

Jinsi umbo lilivyobaki na maudhui yakatoka

Leo hali ni nyingine. Mwezi Februari 2024, Indianapolis, timu ya Mashariki iliifunga ya Magharibi 211 kwa 186. Kwa mara ya kwanza katika mechi hiyo timu moja ilivuka pointi 200. Asiyejua mchezo atadhani palikuwa na mapigano makali; kinyume chake, hapakuwa na aliyemzuia mwenzake. Watu walipishana njia kama watu wanaopishana kwenye mlango wa benki. Mwaka uliofuata, San Francisco, waliigawa mechi kuwa mashindano madogo ya timu nne, kila mchezo ukiishia kwenye pointi 40. Mwaka 2026 wakaleta timu mbili za Wamarekani na moja ya wachezaji wa nchi nyingine za dunia. Kabla ya hapo, mwaka 2018, waliacha Mashariki na Magharibi, wakaweka manahodha wa kuchagua timu zao kama watoto wanavyochaguana uwanjani shuleni. Mwaka 2020, baada ya kifo cha Kobe Bryant, robo ya mwisho ilichezwa bila saa: timu ya kwanza kufika pointi 24 juu ya jumla ya aliyekuwa akiongoza ndiyo mshindi. Mchezo ule ulikuwa mkali kweli, ukaisha 157 kwa 155. Lakini baada ya miaka michache ukali uliyeyuka tena, na utaratibu wenyewe ukaachwa.

Besiboli nayo ilijaribu dawa yake. Mechi ya mwaka 2002 iliisha sare ya 7 kwa 7 kwa sababu wachezaji wa kurusha mpira waliwaishia, watazamaji wakazomea. Kuanzia 2003 wakaamua kwamba upande utakaoshinda mechi ya nyota utaipa timu yake nafasi ya kuanzia nyumbani katika fainali za ligi. Walidumu na kanuni hiyo hadi 2016 wakaitupa. Mechi ya nyota ya mpira wa miguu wa Kimarekani iliachwa kabisa baada ya 2022, na badala yake pakawekwa michezo mepesi ambayo hakuna anayeangushwa chini.

Nini kinachowasumbua wapangaji hawa? Wanabadili umbo mwaka baada ya mwaka na hawagusi maudhui. Mchezaji wa leo amefungwa na mkataba wa mamilioni ya dola. Goti lake ni mtaji, lake na la mwenye timu. Hana sababu ya kulihatarisha katika pambano lisilo na kitu nyuma yake zaidi ya matangazo. Wanaomwita mvivu wanakosea uchambuzi: yeye anafanya hesabu ile ile anayofanya mwajiri wake. Pensheni ilishapatikana. Ubaguzi wa wazi wa ligi ulishavunjwa. Sababu zilizowafanya watu wacheze kufa na kupona zimekwisha, na biashara peke yake haiwezi kuzalisha sababu mpya, hata ikibadili kanuni mara ngapi.

Hata kura imepata ugonjwa huo. Kura ya wasomaji wa magazeti ya watu weusi ilikuwa sauti ya walionyimwa sauti. Kura ya simu na mitandao imekuwa mashindano ya umaarufu. Mwaka 2016 mchezaji Zaza Pachulia, mtu wa kazi nzuri lakini ya kawaida, alikaribia kuingia kikosi cha kwanza kwa sababu wananchi wa nchi yake ya Georgia walijipanga kumpigia kura kwa wingi. Wenye ligi walistuka. Mwaka 2017 wakapunguza uzito wa kura ya watazamaji ukawa nusu, robo wakapewa wachezaji na robo waandishi. Mimi binafsi niliwafurahia Wajojia. Waliona pengo katika mfumo wa mabwana wakubwa wakalitumia, ingawa sitashauri tuchague kombaini ya mkoa kwa njia hiyo.

Kombaini yetu

Sisi tulianza kwa sabuni. Kombe la Gossage, lililochezwa tangu 1926 kati ya Kenya na Uganda, na baadaye katika miaka ya 1940 Tanganyika na Zanzibar zikaingia, lilibeba jina la kampuni ya sabuni ya Kiingereza. Koloni lilichagua vijana wake bora likawapeleka kupambana na vijana wa koloni jirani chini ya jina la bidhaa. Lakini tazama ukinzani ule ule ukijitokeza. Watu waliokuwa wakihesabiwa kwa makabila walijiona kwa mara ya kwanza wakiwa upande mmoja uwanjani: Mtanganyika dhidi ya Mkenya, bila kuulizwa kabila lake. Baada ya uhuru, mwaka 1967 mashindano hayo yakawa Kombe la Chalenji, na Tanzania Bara ikalitwaa 1974, 1994 na 2010; Zanzibar ikalitwaa 1995.

Mwaka huo huo wa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, ilitungwa sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa. Utaratibu uliojengwa katika miaka iliyofuata ulikuwa wa ngazi: shule, kata, wilaya, mkoa, taifa. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari bado zinafuata ngazi hizo. Mashindano ya Kombe la Taifa, ambayo mikoa ilishindana kwa vikosi vya kombaini, yalikuwa ngazi ya watu wazima. Timu ya mkoa haikununuliwa, iliokotwa. Fundi wa reli, mwalimu wa shule ya msingi, askari, mkulima wa kijijini, wote walipimwa kwa miguu yao. Hata ligi yenyewe ilikuwa pana zaidi: Mseto ya Morogoro ilichukua ubingwa 1975, Tukuyu Stars 1986, Coastal Union ya Tanga 1988. Timu ya taifa iliyokwenda fainali za Afrika Lagos mwaka 1980, baada ya bao la Peter Tino mjini Ndola 1979, ilitoka katika mfumo huo wa ngazi pana.

Sisemi miaka ile ilikuwa pepo. Viwanja vilikuwa vibovu, nauli hazikutosha, na upendeleo wa viongozi katika kuchagua timu ulikuwapo. Tofauti ni kwamba palikuwa na mlango, na kila mtu alijua mlango uko wapi.

Tangu miaka ya 1990 mlango ule umekuwa ukifunguka na kufungwa. Kombe la Taifa la mpira wa miguu limezimika na kuwashwa upya zaidi ya mara moja: kampuni ya bia ilipokuwa na fedha za matangazo mwishoni mwa muongo wa 2000 lilichezwa, kampuni ilipoondoka, likalala. Serikali ikaliamsha tena 2019 pamoja na michezo mingine. Kitu kinachotegemea pumzi ya mdhamini hakiwezi kuwa ngazi. Kijana hawezi kujipanga kwa ajili ya mashindano ambayo hajui kama mwakani yatakuwapo.

Nafasi iliyoachwa wazi imejazwa na mapambano ya maonyesho. Klabu ya Simba ina siku yake tangu 2009, Yanga ina Wiki ya Mwananchi tangu 2019, na hapa Singida mwaka 2022 tulikuwa na Singida Big Day. Wachezaji wapya wanatambulishwa mmoja mmoja, wasanii wanapanda jukwaani, mechi ya kirafiki inafunga shughuli. Ni sherehe halali na watu huzifurahia, nami nimewahi kuzifurahia. Lakini ni sherehe za kuonyesha bidhaa iliyokwisha kununuliwa. Hakuna anayegunduliwa siku ile. Mechi za hisani nazo zimekuja, kama ile ya Mbwana Samatta na Ali Kiba iliyoanza 2018, ambayo angalau ililenga mahitaji ya jamii.

Ngao ya Jamii inafaa itajwe peke yake, kwa kuwa waandaaji wake wamefanya yale yale ya Marekani: kuhangaika na umbo. Mwaka 2023 waliitoa kwenye mechi moja wakaifanya ya timu nne, Mkwakwani, Tanga, na timu yenye jina la Singida ilikuwamo. Mwaka 2024 zikawa nne tena. Mwaka 2025 wakarudi kwenye mechi moja ya Simba na Yanga. Ikiwa ni ngao ya jamii, jamii ilipata nini zaidi mwaka ilipokuwa ya timu nne, na ilipoteza nini iliporudi kuwa ya mbili? Swali hilo sikulisikia likiulizwa na wachambuzi wa redioni. Wao waliulizana kuhusu ratiba.

Mfano wa kinyume upo Visiwani. Kombe la Mapinduzi lilikuwa la klabu kwa miaka mingi, na klabu kubwa za Bara nyingine zilikuja na vikosi vya pili. Januari 2025 umbo lilibadilishwa likawa la timu za taifa, likachezwa Gombani, Pemba, na Zanzibar Heroes ikaifunga Burkina Faso 2 kwa 1 katika fainali. Safari hii badiliko la umbo lilifuata maudhui. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Mwaka 2017 ilipewa uanachama wa CAF mwezi Machi ikanyang'anywa Julai. Mwisho wa mwaka huo huo vijana wake walifika fainali ya Chalenji kule Machakos wakashindwa na Kenya kwa penalti. Kwa mchezaji wa Unguja au Pemba, kuvaa jezi ya kombaini ya Visiwa ni nafasi adimu isiyopatikana mahali pengine. Ndiyo maana anakimbia. Uwanja wa Gombani usiku ule ulikuwa ndugu wa Comiskey Park ya 1943 kuliko ulivyokuwa ndugu wa Indianapolis ya 2024.

Singida

Sasa tuje nyumbani. Mkoa wetu umekuwa na jina kubwa katika soka kwa miaka michache iliyopita, na ni vizuri tuseme bila kigugumizi jina hilo limepatikanaje. Singida United ilipanda Ligi Kuu 2017, ikashuka 2020. Mwaka 2022 iliingia Singida Big Stars, iliyokuwa DTB; mwaka uliofuata ikaitwa Singida Fountain Gate; kisha ikahama mkoa na jina la Singida likatoka. Mwaka 2024 Ihefu, timu ya Mbarali mkoani Mbeya, ikaletwa huku ikawa Singida Black Stars. Timu hiyo ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani 2025, na Septemba mwaka huo ikatwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal 2 kwa 1. Ilikuwa furaha ya kweli mitaani. Uwanja mpya ulifunguliwa mwaka huo huo. Nani atakayelaani hayo?

Lakini mchambuzi hana ruhusa ya kuishia kwenye furaha. Jina la mkoa limekuwa kama chapa inayobandikwa kwenye gunia: gunia likihamishiwa ghala jingine, chapa inabanduliwa. Wananchi wa Singida wameshabikia timu tatu tofauti ndani ya miaka minane na hawakuulizwa mara hata moja, wala ziliposhuka au kuhama, wala zilipokuja. Mbarali nao walipoteza timu yao ili sisi tuipate. Mwanzoni mwa 2025 wachezaji watatu wa kigeni wa klabu hii walipewa uraia wa Tanzania, na mjadala mkubwa ukazuka nchini. Mimi sina ugomvi na Mwafrika mwenzangu anayekuja kufanya kazi kwetu. Umoja wa Afrika hatuuhubiri darasani ili tuukane uwanjani. Swali langu ni jingine. Kijana wa Ndago, wa Mitundu, wa Ilongero, wa Mkalama, akimaliza kidato cha nne na UMISSETA yake ikaishia hapo, anakwenda wapi ili aonekane na klabu iliyobeba jina la mkoa wake?

Kwa wengi jibu ni kombe la mbuzi. Mfanyabiashara au mgombea anatoa mbuzi, jezi seti mbili na mipira, vijana wanacheza wiki tatu kwenye uwanja wa vumbi, mshindi anachinja. Mwaka wa uchaguzi mbuzi huwa ng'ombe. Vijana wanachezea kitoweo na mpira umeishia pale. Makada wa Chama tusijifanye hatuyajui haya, maana baadhi ya wanaotoa ng'ombe ni wenzetu, na ng'ombe yule anakuja na bango lenye picha.

Katika darasa la mafunzo ya makada niliwahi kulileta suala hili. Mwanafunzi mmoja, dada wa kutoka Manyoni, alisema wazi: "Mwalimu, wananchi wanataka burudani, sisi tunawapelekea nadharia." Ni hoja nzito na isipuuzwe. Jibu ni kwamba burudani na maana havigombani. Mchezo unaochosha zaidi duniani ni ule ambao hakuna mtu anayejali nani atashinda, na ndio huo wa pointi 211. Mtazamaji si mjinga. Anatambua mara moja mchezaji anayecheza kwa ajili ya kitu na yule anayemaliza dakika zake.

Napendekeza nini? Mkoa una halmashauri saba: Manispaa, Singida, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi. Kila moja iunde kombaini yake ya vijana wasio na mkataba na klabu yoyote ya ligi. Wacheze kwa mtoano. Kutokana na mashindano hayo ichaguliwe kombaini ya mkoa, nayo ipambane mara moja kwa mwaka na klabu ya Ligi Kuu iliyobeba jina la Singida, yenyewe ikiwa na kikosi chake cha kwanza. Huo ndio uwe mchezo wa nyota wa mkoa. Kijana wa Shelui akimzuia mshambuliaji wa kulipwa kwa dakika tisini, hapatahitajika kanuni mpya ya kuongeza ukali.

Uchaguzi wa wachezaji ufanywe na walimu wa michezo wa shule na makocha wa kata, kwa majina kusomwa hadharani pamoja na sababu zake, na anayelalamika asikilizwe. Kura ya simu ina mlango wa nyuma kwa mwenye fedha za vocha. Wasichana wawe na mashindano yao siku ile ile, uwanja ule ule, na mchezo wao usiwekwe saa sita ya mchana wakati watazamaji wako bado majumbani. Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 India mwaka 2022. Mafanikio kama hayo nchi yetu haijawahi kuyapata kwa timu ya wanaume katika kombe hilo la umri wowote. Anayewaweka wasichana pembeni hajui hesabu.

Fedha ya mlangoni ni suala la msingi, maana hapo ndipo siasa ya kitu inapojulikana. Mechi ya 1933 ilichangia wachezaji wazee, wale wa 1964 walidai pensheni. Wetu wanaovunjika miguu kwenye ligi za mikoa wanarudi kijijini na magongo, na harambee inapitishwa kwenye makundi ya simu. Wachezaji wana chama chao, SPUTANZA. Kiitwe, kikae mezani pamoja na chama cha mpira cha mkoa, na mapato yaingie mfuko wa matibabu ya wachezaji waliojeruhiwa. Hesabu isomwe siku ile ile kwa kipaza sauti, watu wakiwa bado wameketi: tiketi ngapi, shilingi ngapi, zimekwenda wapi.

Hapa linakuja jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Uwanja wa Liti, ulioitwa Namfua zamani na sasa unabeba jina la Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kuwapinga Wajerumani, ni mali ya Chama. Vivyo hivyo Kirumba ya Mwanza, Sokoine ya Mbeya, Majimaji ya Songea, Kambarage ya Shinyanga na vingine. Viwanja hivi ni urithi wa mfumo wa chama kimoja, wakati michango na nguvukazi vilitoka kwa wananchi wote, wenye kadi na wasio nayo. Mwaka 1992 mfumo ulibadilika, viwanja vikabaki mkononi mwetu. Wanaotulaumu kwa hilo wana hoja ambayo hatuwezi kuijibu kwa hati ya umiliki peke yake. Tunaweza kuijibu kwa matumizi. Siku ya kombaini ya mkoa uwanja utolewe bure, bila ada, bila bango la mgombea, bila hotuba ya zaidi ya dakika tano. Kijana wa chama chochote au asiye na chama achezee pale kama kwake, kwa kuwa huenda babu yake alibeba mawe ya ule ukuta.

Wapo watakaosema klabu haitakubali kuhatarisha wachezaji wake wa gharama. Ni hoja ile ile ya Marekani. Klabu hiyo imepewa jina la mkoa, mashabiki wa mkoa na mapenzi ya mkoa bila kulipia senti. Dakika tisini kwa mwaka si kodi kubwa. Na ikikataa, wananchi watajifunza kitu muhimu kuhusu jina lile.

Kuhusu wakati, Julai inafaa kuliko miezi mingine. Mvua zimekwisha, barabara za Mkalama na Itigi zinapitika, alizeti imevunwa na mkulima ana nauli ya kumleta mtoto mjini. Ligi imekwisha na mpya haijaanza, wachezaji wa klabu wanaanza mazoezi ya kujiweka sawa na wanahitaji mechi. Dirisha la usajili nalo huwa wazi majira hayo, hivyo kocha wa klabu akimwona kijana anayemfaa hatakuwa na kisingizio cha kusema orodha imekwisha kufungwa.